Kupanga Safari ya Kuvua Trauti Katika Mito Usiyoifahamu ya Aberdare na Mlima Kenya

Mteja anayetuandikia kwa mara ya kwanza akitaka safari ya kuvua trauti, samaki wa maji baridi, kwa nzi bandia (ndoana ndogo iliyopambwa ifanane na mdudu) huambatanisha, mara nyingi, orodha ya mito. Humo utakuta Gura, Chania, Magura, Sagana, Thego, Naro Moru na pengine Mathioya, yote imebanwa ndani ya siku nne, kila mto ukitengewa nusu siku. Sisi humjibu kwamba achague miwili tu, na mmoja kati ya hiyo uwe wa akiba. Wapo wanaodhani tunawapunja, kwa hiyo tumeona ni vyema kueleza hapa sababu za ushauri huo na mambo tunayoyapima kabla ya kumpangia mgeni ratiba.

Ukitazama ramani, mito hii inaonekana kupakana. Ukweli ni kwamba mito ya Aberdare huteremka katika mabonde yaliyo sambamba na yenye miinuko mikali, na ili utoke bonde moja uingie la pili mara nyingi hukubidi kushuka hadi barabara ya lami, kisha kupanda tena kwa njia ya udongo mwekundu. Umbali unaoonekana mfupi kwenye simu waweza kukumalizia asubuhi nzima ukiwa garini. Majina nayo huongeza tatizo. Ipo mito miwili iitwayo Chania, na yote huanzia Aberdare: mmoja hupita karibu na mji wa Nyeri na kuingia Sagana, mwingine huelekea Thika. Mathioya pia ni miwili, wa Kaskazini na wa Kusini. Kwa hiyo mteja akituambia amesifiwa Chania na rafiki yake, swali letu la kwanza ni rafiki huyo alilala wapi.

Jambo la pili, na kwetu ndilo kubwa kuliko yote, ni maji. Mvua za masika huanza Machi hadi Mei, na za vuli Oktoba hadi Desemba. Katika vipindi hivyo njia za ndani ya hifadhi huwa tope tupu na mito hufurika. Kwa sababu hiyo tunapendelea Januari na Februari, kisha Juni hadi Septemba. Hata hivyo kalenda haitoshi. Mito ya upande wa kaskazini-magharibi mwa Mlima Kenya, kama Naro Moru, Burguret na Nanyuki, hutegemewa sana na wakulima wa umwagiliaji, hivyo kiangazi kikikaza maji ya sehemu za chini hupungua vibaya, na anayekuja Februari hatuwezi kumpeleka huko kwa moyo mweupe. Tutampandisha juu karibu na msitu, au tutamhamishia upande wa Sagana na Thego.

Mto unaweza pia kubadilika kati ya kifungua kinywa na chakula cha mchana. Wewe umesimama juani kule chini kwenye mashamba ya chai, kumbe juu kwenye nyika ya mlima, yaani eneo la wazi lenye majani juu ya msitu, mvua inanyesha tangu saa nne. Dalili ya kwanza ni majani na vijiti vinavyoanza kupita juu ya maji, kisha rangi. Hapa wageni wengi huchanganyikiwa, kwa sababu maji yanayotoka kwenye majani na udongo mweusi wa nyikani huwa na rangi kidogo hata yakiwa safi. Maji ya rangi ya strungi hayana neno, na samaki watakula. Yakigeuka kuwa kama chai ya maziwa, toka mtoni, kwa sababu udongo umeshaingia na kina kinapanda. Mto wa akiba tunaokuambia uuchague ni kwa ajili ya siku ya namna hiyo, na ndiyo sababu hatupendi uwe katika bonde lililo jirani na la kwanza, bali upande mwingine kabisa wa milima, ambako huenda mvua hiyo haikufika.

Trauti si samaki wa asili wa Kenya. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Scotland na kuwapandikiza katika Mto Gura. Baadaye wakaletwa trauti wa upinde wa mvua, ambao asili yao ni magharibi mwa Amerika Kaskazini, na kituo cha Kiganjo karibu na Nyeri kimekuwa kikizalisha vifaranga kwa muda mrefu. Mgeni anahitaji kujua ni jamii ipi iko katika mto anaokwenda, kwa kuwa tabia zao hazifanani. Wa kahawia hupenda kujibanza chini ya ukingo uliolika au kwenye kivuli cha mizizi, na ukimshtua mara moja hutamwona tena siku hiyo. Wa upinde wa mvua hukaa zaidi kwenye mkondo wa kasi na ni mwepesi kurukia nzi. Katika vijito baridi vya juu usitarajie samaki wakubwa, kwani chakula ni haba. Anayetaka mkubwa tunamshauri afikirie maziwa ya mlimani kama Rutundu au Ellis, ingawa hiyo ni safari ya aina nyingine yenye baridi kali na mwinuko unaozidi mita 3,000.

Kuhusu vifaa tutasema machache, maana ndiko wateja wanakojiandaa kupita kiasi. Fimbo nyepesi ya namba 4 (namba ikiwa ndogo, fimbo na mshipi wake ni vyepesi) yenye urefu wa futi nane hivi inatosha karibu kila mahali, kwa kuwa miti hufunika mito mingi na hakuna nafasi ya kurusha mshipi mrefu. Ndoana ziwe ndogo, namba 12 hadi 16, na zisiwe na kijimwiba cha nyuma cha kunasa ili samaki mdogo arudishwe majini bila jeraha. Viatu na suruali za majini visafishwe na kukaushwa kabisa kabla ya kuja, hasa kama vilitumika katika nchi nyingine, ili visibebe magonjwa na viumbe wageni.

Ukifika mtoni, tunakuomba usirushe mshipi mara moja. Inua jiwe moja lililo kwenye maji ya kasi uligeuze taratibu. Chini yake utaona mabuu bapa wenye mikia mitatu wakikimbilia upande wa kivuli, na pengine vimirija vidogo vya mchanga vilivyogandamana na jiwe, kila kimoja kikiwa na buu ndani yake. Chagua nzi bandia anayekaribiana nao kwa ukubwa na rangi, na mara nyingi utakuwa umemaliza kazi ambayo wengine huifanya kwa kubadilisha nzi mchana kutwa. Kisha tembea ukipanda mto, kwa kuwa trauti hukaa akielekea mkondo unakotoka na hawezi kukuona vizuri ukiwa nyuma yake. Huko juu maji ya alfajiri huwa baridi mno na samaki huzubaa, hivyo hakuna haja ya kuamka saa kumi usiku. Saa nzuri ni kuanzia saa tatu asubuhi hadi mawingu ya mchana yatakapofunga.

Ndani ya hifadhi za taifa kuna nyati na tembo, na vichaka vya kando ya mto ndipo wanapopumzika. Hatupeleki mtu huko bila askari wa wanyamapori, hata akiwa mvuvi mzoefu kiasi gani, na mzoefu wa mito ya Ulaya ndiye tunayelazimika kumweleza zaidi, kwa sababu amezoea kuangalia maji tu. Nje ya hifadhi, mto hupita kwenye mashamba ya watu. Mwongozaji wetu hupiga hodi kwa wenye shamba kabla mgeni hajashuka ukingoni. Anayetoka pwani moja kwa moja alale kwanza Nyeri usiku mmoja kabla ya kupanda nyikani, ili mwili uzoee mwinuko.

Ada za kuingia hifadhini hulipwa kwa njia ya kielektroniki, si taslimu langoni, na leseni ya uvuvi hushughulikiwa kando. Yote mawili tunaweza kukufanyia ukitutumia nakala ya kitambulisho au pasipoti mapema. Malipo ya awali unayotupa huhamishiwa tarehe nyingine endapo mito yote miwili imefurika. Unapotuandikia, tutajie mwezi unaoutaka, kama umewahi kukaa kwenye mwinuko mkubwa, kama magoti yako yanastahimili miteremko, na kama unataka samaki wengi wadogo au wachache wakubwa. Orodha ya mito utuachie sisi tukupendekezee.