Hakuna mfuko mmoja wa "unga wa mtu wa sukari": namna tunavyowachagulia wateja nafaka za asubuhi

Haipiti wiki bila mteja kuingia dukani kwetu, hapa Mtwara mjini, na kuuliza: "Mna unga wa mtu wa sukari?" Wengine wametumwa na wazazi wao, wengine wametoka kliniki asubuhi hiyo hiyo na kadi bado wameishika mkononi, na karibu wote wanatarajia tuwashushie kutoka rafuni mfuko mmoja wenye jina hilo. Mfuko huo hatunao na hatukusudii kuutengeneza, kwa sababu nafaka ile ile inaweza kumfaa mwenye kisukari ikisagwa na kupikwa kwa namna moja, na kumpandishia sukari kwa kasi ikisagwa na kupikwa kwa namna nyingine.

Mwaka 1981 David Jenkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walichapisha utaratibu wa kupanga vyakula vya wanga kwa kuangalia jinsi kila kimoja kinavyopandisha sukari katika damu baada ya kuliwa. Glukozi ilipewa alama 100, na vyakula vingine vikalinganishwa nayo. Kipimo hicho ndicho kinachoitwa fahirisi ya glaisemia. Chakula chenye alama 55 au pungufu huhesabiwa kuwa cha polepole, chenye 56 hadi 69 ni cha wastani, na kuanzia 70 kwenda juu ni cha kasi.

Alama za vyakula vya asubuhi katika majedwali ya kimataifa huwashangaza wateja wetu wengi. Konfleksi zina takriban 81, uji wa mchele takriban 78, na uji wa nafaka ndogondogo za jamii ya ulezi na uwele takriban 67. Uji wa oti zilizobanwa, zile zenye vipande vikubwa vinavyohitaji kukaa jikoni kwa muda, una takriban 55, ilhali uji wa oti za kuiva papo hapo unafika 79. Nafaka ni moja na shamba huenda lilikuwa moja, lakini kiwanda kilipoikata vipande vidogo na kuipika kabla, tofauti ya alama 24 ikapatikana.

Sababu yake si ngumu kuielewa kwa mtu aliyewahi kukaa karibu na mashine ya kusaga. Punje nzima ina ganda na kuta za ndani zinazouzingira wanga, na mwili hulazimika kuzipenya kidogo kidogo kabla ya kuufikia. Tukikoboa, ganda linaondoka pamoja na nyuzinyuzi zake, na tukisaga hadi unga uwe laini kama poda, kila chembe inabaki wazi mbele ya vimeng'enya vya tumbo. Tena unga laini ukichemshwa kwa muda mrefu katika maji mengi, wanga wake huvimba na kulainika kabisa, kiasi kwamba kazi ya kumeng'enya huwa imekwisha kufanyika nusu ndani ya sufuria. Ndiyo maana hatukubaliani na usemi kwamba ulezi ni dawa ya kisukari. Ulezi ni nafaka nzuri, una nyuzinyuzi na madini ya chokaa kwa wingi kuliko mahindi yaliyokobolewa, lakini uji wa unga laini wa ulezi, uliotiwa sukari na kunywewa kikombe kikubwa, hauwezi kuitwa chakula cha polepole kwa sababu tu una rangi ya udongo.

Kwa hiyo jambo la kwanza tunalomshauri mteja ni kukubali chenga. Tunao mtama unaolimwa huku kwetu kusini, na ulezi tunaoagiza kutoka Rukwa na Ruvuma, na vyote tunaweza kuvisaga mara moja tu kwa chekeche pana bila kukoboa, ili vitoke vikiwa na punje zilizovunjika badala ya unga. Uji wa chenga huchelewa kuiva, na inafaa chenga zilowekwe tangu usiku. Mdomoni una ukwaruzo ambao watoto wengi hawaupendi mwanzoni. Hata hivyo, hata dona iliyosagwa laini haiufikii kwa upole wake kwenye sukari ya damu, na tunapenda mteja aichukue tabu hiyo ya kuloweka.

Jambo la pili linatuhusu sisi wenyewe, nasi tunalisema kwa masikitiko. Kwa muda mrefu tulikuwa tukitia kimea cha ulezi katika unga wetu wa lishe, tukiwauzia watu wote bila kuuliza atakayeunywa ni nani. Kimea ni punje iliyoloweshwa ikaota, kisha ikakaushwa na kusagwa, na wakati wa kuota punje hiyo hutengeneza vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari iitwayo maltozi. Ndiyo siri ya togwa: mtu hutia kimea katika uji wa vuguvugu, na baada ya muda uji mzito unakuwa mwepesi na mtamu pasipo kutiwa hata kijiko cha sukari. Kwa mtoto aliyedhoofika kimea kina faida kubwa, kwani kinamwezesha kunywa uji wenye unga mwingi ukiwa bado mwepesi. Kwa mwenye kisukari mambo ni kinyume, maana maltozi ina alama 105, juu ya glukozi yenyewe. Mama mmoja wa Mikindani alitueleza kwamba ameacha soda kabisa na sasa anakunywa togwa kila asubuhi kwa kuwa "haina sukari", na hapo ndipo tulipotambua kuwa wajibu wetu ulikuwa kueleza jambo hili kabla ya kupokea fedha. Siku hizi kimea tunakiuza peke yake, na hakiingii katika mchanganyiko wowote mpaka mteja akiagize.

Unga wa lishe wenye mahindi, mchele, ngano, mtama na ulezi kwa pamoja nao unahitaji neno. Wateja huhesabu aina za nafaka kana kwamba kila inayoongezwa inaleta kinga mpya, lakini kwa upande wa sukari huko ni kuongeza wanga juu ya wanga, na mchele na ngano iliyokobolewa huuharakisha zaidi. Kinachobadilisha uji ni kunde. Soya iliyochemshwa ina alama takriban 16, maharage mekundu 24 na dengu 28, na pamoja na kasi hiyo ndogo huleta protini na nyuzinyuzi ambazo nafaka peke yake haina za kutosha. Sisi tunapendelea mbaazi, kwa sababu zipo Mtwara na Lindi kwa wingi. Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini mwake, bei huku kwetu ilianguka vibaya, na tuliumia kuona zao lenye thamani kubwa namna hiyo kwa afya likihesabiwa kuwa halina soko wakati mezani kwetu asubuhi kuna andazi na chai ya sukari. Mchanganyiko tunaoupendekeza ni sehemu mbili za chenga za mtama au ulezi na sehemu moja ya mbaazi zilizokaangwa kidogo na kuparazwa. Anayetaka soya tunamkaangia kwanza, kwani soya mbichi ina viini vinavyozuia mwili kumeng'enya protini.

Kiasi nacho kina hesabu yake. Vijiko vinne vya chakula vya unga, takriban gramu 40, vina wanga wa gramu kama 28. Ukizidisha kwa alama 67, ile ya uji wa ulezi na uwele, na kugawa kwa 100 unapata karibu 19, na huo ndio mzigo wa glaisemia wa kikombe hicho. Mzigo wa 10 au chini ni mdogo, na wa 20 au zaidi ni mkubwa. Ukiongeza vijiko viwili vya chai vya sukari unafika 24. Kikombe kilichokuwa kikikaribia mpaka kimeuvuka kwa sababu ya vijiko viwili tu, na asali ya kawaida haikuokoi sana, maana alama yake iko karibu na ya sukari. Ladha itafutwe kwenye maziwa, ukwaju au ndimu, kwa kuwa uchachu husaidia kupunguza kasi ya chakula kutoka tumboni, au kwenye korosho zilizovunjika, ambazo hapa kwetu hupatikana kwa bei nafuu kuliko zile nzima. Karanga pia zinafaa, lakini ziwe zimechambuliwa, zenye ukungu au zilizosinyaa zitupwe kwa ajili ya sumukuvu.

Anayenunua boksi la nafaka tayari aanze kusoma orodha ya viambato, ambavyo hupangwa kwa uzito kuanzia kilicho kingi. Sukari, sirapu ya glukozi, maltodekstrini au dondoo la kimea vikiwa katika nafasi tatu za mwanzo, alirudishe boksi hilo. Kisha aangalie gramu 100: nyuzinyuzi ziwe 6 au zaidi, na sukari isizidi 5 kama inawezekana. Lakini sukari kidogo peke yake isimridhishe, kwa sababu konfleksi nyingi za kawaida hazina sukari ya kutisha na bado zina ile alama ya 81, kutokana na mahindi yaliyokobolewa, yakapikwa, yakabanwa na kuokwa.

Mteja anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari tunamwomba asibadilishe kifungua kinywa ghafla kabla ya kuzungumza na daktari wake, maana dawa iliyopimwa kwa chakula cha kasi inaweza kumshusha kupita kiasi akila cha polepole. Mwenye tatizo la figo pia amuulize kuhusu kiasi cha kunde. Aliye na mashine ya kupimia sukari nyumbani apime kabla ya kula na saa mbili baada ya kula, kwa siku kadhaa, akitumia kikombe kile kile na kipimo kile kile cha unga. Majibu hayo yatamweleza habari za mwili wake kuliko jedwali lolote.

Chenga tunasaga Jumanne na Ijumaa, na mashine husafishwa kabla ili mabaki ya sembe yasichanganyike nazo. Unaweza kuleta nafaka yako mwenyewe kuanzia kilo mbili, na mbaazi hufungwa katika mfuko wake ili nyumbani uchanganye kwa kipimo unachokitaka. Kila mfuko tunaandika tarehe ya kusagwa, kwa sababu nafaka isiyokobolewa inabaki na mafuta yake na huchacha mapema katika joto letu la pwani; chukua ya wiki mbili, na ikiisha urudi.