Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: dhahabu ya Kilwa ipo Lisbon, tuiongelee

Mheshimiwa Waziri, salaam nyingi na pole na majukumu. Nakuandikia kuhusu Kilwa Kisiwani, magofu ya mji wa kale kwenye kisiwa cha pwani yetu ya kusini, na naomba unisome mpaka mwisho, maana ninachoomba hakihitaji bajeti kubwa, kinaanza na barua moja tu ya serikali kwenda serikali.

Pale Lisbon, kwenye makumbusho ya taifa ya sanaa za kale, kuna chombo cha dhahabu Wareno wanakiita Custódia de Belém. Ni monstransi, kile chombo Wakatoliki wanachoweka Ekaristi ya kuabudiwa. Kimo chake ni sentimita sabini na kitu, katikati mitume 12 wamepiga magoti, wamepakwa enameli ya rangi, chini yao kuna maua na ndege wadogo wadogo, kazi nzuri kwelikweli ya mfua dhahabu Gil Vicente. Sasa shuka mpaka kwenye kitako. Kuna maandishi yamezunguka pale, yanasema mfalme Manuel wa Kwanza ndiye aliyeagiza kitengenezwe, kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, kikamalizika 1506. Jina la Kilwa limeandikwa pale pale kwenye dhahabu, wenyewe hawakuficha, sisi ndio tumekaa kimya.

Na hiyo kodi ilipatikanaje? Mwaka 1502 nahodha Mreno Vasco da Gama alifika na meli za mizinga, akamwambia mtawala wa Kilwa, Amir Ibrahim, akubali kulipa kila mwaka au mji uchomwe moto. Akalipa. Miaka mitatu baadaye, Julai 1505, akaja Mreno mwingine, Francisco de Almeida, na kundi kubwa zaidi, wakashuka, wakapora mji, wakajenga ngome, na kufika 1512 wakaiacha wakaondoka zao. Lile Gereza, ndiyo ngome yenyewe, analoliona mgeni akishuka kwenye boti kutoka Kilwa Masoko lina historia hiyo ndani yake, Wareno kwanza, Waomani baadaye, lakini ni wangapi wanaolipiga picha wakijua kuna kipande cha hadithi hiyo hiyo kipo Ulaya kinang'aa ndani ya kioo?

Mheshimiwa, watoto wetu wanasoma Kilwa kwenye mstari mmoja wa kitabu, eti ulikuwa mji wa biashara, basi, wanahamia Mombasa. Kilwa ilikuwa dola. Ndogo ndiyo, kisiwa unachoweza kukizunguka kwa miguu, lakini ilikuwa na sultani wake na sarafu zake za shaba zenye majina ya masultani, tena maandishi ya upande mmoja yana vina na ya upande wa pili, hebu fikiria, hela inayosomeka kama shairi! Sarafu ya Kilwa imeokotwa Great Zimbabwe, magofu ya mji wa kale kule Zimbabwe, na nyingine ziliokotwa visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia mwaka 1944, zilifikaje huko mpaka leo watu wanabishana.

Utajiri wenyewe ulitokana na mahali ilipo. Jahazi likitoka Uarabuni au India na kaskazi, Kilwa ndio kama mwisho wa kufika na bado ukawahi kusi ya kurudi nyumbani mwaka huo huo, ukienda kusini zaidi upepo unakuacha. Kwa hiyo dhahabu ya Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, iliyotoka bara kule Zimbabwe, ilipandishwa mpaka Kilwa na Wakilwa wakashika lango, kila kinachopita kinalipiwa. Hela hiyo ndiyo iliyojenga Husuni Kubwa juu ya jabali la bahari, kasri la vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea la pembe nane, na ndiyo iliyoongeza Msikiti Mkuu ukapata zile nguzo na kuba. Mawe ni ya matumbawe, chokaa ni ya matumbawe yaliyochomwa, boriti za mikoko, yaani mji mzima umetoka kwenye bahari yake wenyewe.

Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipita 1331 akausifia kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vizuri kabisa. Sultani wa wakati huo, al-Hasan bin Sulaiman, walimwita Abu'l-Mawahib kwa ukarimu wake, na Ibn Battuta anasimulia fakiri mmoja wa Yemen alimsimamisha sultani akitoka kuswali Ijumaa akamwomba nguo alizovaa, sultani akarudi ndani akavaa nyingine, zile akampa. Ila tusiseme nusu, maana fakiri yule aliongezewa watumwa na pembe za ndovu, na karne za baadaye Kilwa ikawa bandari kubwa ya kuuza watu. Ikisimuliwa, isimuliwe yote, na uchungu wake.

Najua hoja zitakazokuja. Watasema dhahabu yenyewe haikuchimbwa Kilwa. Kweli, na Wazimbabwe wana haki ya kuwemo kwenye mazungumzo haya. Watasema ni kitu kitakatifu cha kanisa na ufundi ni wa Mreno. Kweli pia, sidai tukinyang'anye wala tukiyeyushe. Lakini Mheshimiwa, wewe na wenzako mnazungumza na Ujerumani, mwaka 2023 Rais wao alikuja Songea akaomba msamaha kwa waliyoyafanya kwenye vita vya Maji Maji, na habari ya mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria aliyeko Berlin, waliyemchukua hapo hapo mkoani Lindi kati ya 1909 na 1913, imeulizwa bungeni mara ngapi? Kwa Ureno mbona hatusikii kitu? Kilwa nayo iko Lindi.

Ninachoomba ni hiki. Muwaandikie Wareno, kile chombo kije kionyeshwe hapa hata kwa miezi michache, na kama kusafiri ni hatari kwake basi watengeneze nakala kamili, na maandishi yale ya kitakoni yawepo, iwekwe Kilwa na siyo Dar es Salaam. Na ikiwekwa, iwekwe kwenye jumba la maana, vipande vya kauri za China na sarafu zilizofukuliwa kisiwani virudi vikae pembeni yake, maelezo yawe Kiswahili kwanza, na vijana wa kisiwani ndio waongoze wageni, maana Kisiwani pana watu wanaishi mpaka leo, wavuvi na familia zao, nyumba zao ziko jirani na kuta hizo.

Serikali ilifanya kazi nzuri, nasema wazi. UNESCO waliandikisha magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara kuwa Urithi wa Dunia 1981, 2004 wakaziweka kwenye orodha ya zilizo hatarini, bahari inakula ufukwe na kuta zinaanguka, lakini zikatengenezwa na 2014 zikatolewa humo. Kuta zimesimama. Sasa tuongeze hadithi.

Ukipeleka barua hiyo, tafadhali itangaze, na majibu yao pia yatangazwe, hata wakikataa. Watu wa Kilwa wana haki ya kuyasoma.