Watafiti wa GMO, jibuni tunachouliza

Mhariri,

Majuzi tulikuwa na baraza hapa Kachibora kuhusu mahindi ya GMO, yaani yaliyobadilishwa jeni. Mtafiti aliyekuja, kijana mwenye adabu zake, alieleza vizuri jinsi jeni ya bakteria wa udongoni inavyoufanya mmea umuue kiwavi bungua anapotoboa bua. Kisha mama mmoja akauliza: mbegu hiyo itauzwa na nani, na tutaruhusiwa kuihifadhi? Akajibiwa kwamba hayo ni ya wanasiasa. Watu wakaanza kuondoka.

Kumbe jibu lipo. Sisi tunaopanda mahindi chotara ya 614 hununua mbegu kila msimu, hatuhifadhi hata sasa. Mahindi ya TELA, ndiyo hayo ya GMO yaliyojaribiwa na KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo, huko Kitale na Kiboko, ni chotara vilevile, na kampuni za mbegu hupewa teknolojia hiyo bila kulipia mrabaha, ile ada ya mwenye uvumbuzi. Bei ya dukani kama haijui, aseme haijui. Nani angemchukia?

Fedha nazo. Mradi wa TELA ulifadhiliwa na wakfu wa Bill Gates na USAID, shirika la misaada la Marekani. Haikuwa siri, ila wengi wetu tuliisikia kwanza kwa wapinzani wa GMO, ikaonekana kama jambo lililofichuliwa. Mtafiti angeanza nalo, lingekuwa habari ya kawaida tu.

Halafu kuna wale panya. Hadi leo watu hapa wanakumbuka picha za panya wenye uvimbe waliolishwa mahindi ya GMO, za utafiti wa Mfaransa Séralini wa 2012. Serikali ilipiga marufuku GMO Novemba mwaka huo. Mwaka uliofuata jarida lililouchapisha utafiti huo likauondoa: panya walikuwa wachache, tena wa aina inayoota uvimbe kwa urahisi. Séralini alipinga, akauchapisha kwingine 2014. Na mahindi yale yalikuwa ya kustahimili dawa ya magugu, si haya ya bungua! Marufuku ikakaa hadi Oktoba 2022, na miaka yote hiyo sikusikia mtafiti hata mmoja akituelezea haya kwenye redio tunazosikiliza shambani. Waliokuja kuzungumza ni Moses Kuria, wakati huo Waziri wa Biashara, aliyesema vya kuua ni vingi nchini hata GMO ikiongezwa si neno, na upinzani uliomrukia.

Kijana yule arudi, tutamsikiliza. Ila asije kwenye gari moja na mheshimiwa.

Mkulima,
Kachibora, Trans Nzoia