Begi bado liko juu ya kabati

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata juzi, nikacheka peke yangu uliponiuliza kama nimeshafunga mizigo ya safari yangu ya ng'ambo, ya kwenda kujitolea kufundisha Kiingereza. Begi bado liko juu ya kabati. Kwa sasa nahangaika na makaratasi.

Lile shirika la kwanza nililokusimulia nimeachana nalo. Nilipowauliza habari ya viza walinijibu, "Ingia kama mtalii, nani atakuuliza?" Nchi nyingi huhesabu kujitolea kuwa ni kazi hata kama hulipwi senti, na atakayerudishwa kutoka uwanja wa ndege ni mimi, si wao. Hawa wa sasa wamedai cheti cha tabia njema kutoka polisi na majina ya watu wawili wanaonifahamu, maana nitashinda na watoto. Usumbufu huo ndio ulionifanya niwaamini. Chanjo ya homa ya manjano tayari. Cheti chake huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo ukiamua kunifuata usiiache hadi wiki ya mwisho.

Hayo yote madogo. Kilichonitoa jasho ni kozi ya kufundisha Kiingereza: saa 120, nyingi mbele ya kompyuta, kisha somo la majaribio kwa watu wazima, dakika 30. Niliandika andalio la somo la kurasa nne. Nne, Zuhura! Nikaingia kueleza tofauti ya "I lived" na "I have lived". Nikaeleza, nikachora mstari ubaoni, nikaeleza tena. Mwisho nikauliza kama wameelewa. Wote: "Yes!" Kumbe mkufunzi alikuwa na saa mkononi. Darasa zima, ukijumlisha wote, lilizungumza dakika nne tu kati ya zile 30. Na ile "yes", akasema, haipimi chochote. Ungewauliza, "Huyu mtu bado anaishi pale?" ungejua papo hapo nani kakufuata na nani kakuitikia tu.

Usiku ule nilitaka kujitoa. Mimi nani hata nifundishe lugha ambayo sikuzaliwa nayo? Ndipo nikakumbuka nilivyokuwa namtaja mwalimu wetu wa kike kwa "he", mwaka baada ya mwaka, kwa sababu kichwani mwangu wote ni "yeye". Nikakumbuka nilivyohangaika na "since" na "for" mpaka mtu akaniambia moja ni pale muda ulipoanzia, nyingine ni urefu wake. Aliyezaliwa na Kiingereza hupita juu ya mashimo haya bila kuyaona. Mimi nimeyatumbukia yote, tena mengine mara mbili.

Somo la pili nilikwenda na nusu ukurasa. Nikawapa sentensi mbili, nikawaacha wabishane wawiliwawili, nami nikajizuia kusema. Kimya kile, dada, kinauma! Nilihesabu hadi saba moyoni kabla mtu hajafungua mdomo. Lakini walipoanza hawakunyamaza tena.

Sasa nisaidie, wewe uliyezoea watoto. Mtu mzima ukimnyamazia hufikiri. Mtoto wa miaka minane je? Anafikiri, au anapanda juu ya dawati? Nijibu haraka, nina wiki tatu tu.

Ni mimi rafikiyo,
Mwanaidi