Kabedi, kuhusu kile kinyama cha Mama

Lubumbashi, Jumapili jioni

Kabedi ndugu yangu,

Pokea salamu kutoka Kamalondo. Sisi ni wazima, mvua zimeanza, na bei ya unga nayo imepanda kama kawaida yake. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa kazini na glavu mikononi, ndiyo maana nikakujibu kwa mkato. Sasa nimekaa. Unauliza kwa nini kinyama kidogo vile, kilichotolewa kwenye uvimbe wa titi la Mama ili kipimwe, kinakaa labo siku nyingi, na naona wewe na kaka yako mmeshaanza kubishana: yeye anataka Mama akatwe titi Jumatano hii bila kungoja karatasi ya majibu, wewe unasita. Mimi niko upande wako.

Kwanza, kukawia si dalili mbaya. Mitaani wanasema jibu likichelewa basi ni kansere, eti madokta wanaogopa kutamka. Hapana. Kinachochelewesha ni kazi yenyewe, na umeme, na karatasi za kuomba kipimo zilizojazwa nusunusu. Hilo la karatasi nitalirudia, maana linamhusu Mama.

Vile vinyuzi vyeupe alivyotolewa kwa sindano nene vilifika kwetu salama. Niliipokea chupa mwenyewe: mdomo mpana, kifuniko kimekaza, formoli, ile dawa ya kuhifadhi tishu, ya kutosha. Mshukuru muuguzi wenu. Tishu ikishatoka mwilini haikai ikisubiri, seli zinaanza kujila zenyewe, kwa hiyo inatakiwa itumbukizwe kwenye formoli ya asilimia 10 ndani ya saa moja, na formoli iwe kama mara kumi ya ukubwa wa kipande. Kwa titi tunataka ikae humo si chini ya saa 6 wala si zaidi ya saa 72. Ukicheza na muda huo, vipimo vya baadaye vinadanganya. Kuna kituo kimoja, sikitaji jina, kilituletea titi zima limeshindiliwa ndani ya chupa ya mayonezi. Liliingia laini, likakakamaa humo humo, ikabidi tuivunje chupa. Kwa nje lilionekana zima kabisa. Docta wetu wa labo alipolipasua katikati akakuta kijivu kinachonuka, formoli haijapenya, na uvimbe wenyewe ulikuwa hapo hapo katikati. Mama wa watu alikuwa ameshapoteza titi, na jibu halikuweza kutoka.

Kipande kikiwa tayari tunakipima, tunaandika rangi na ugumu wake, tunakilaza kwenye kikasha cha plastiki chenye matundu na namba ya mgonjwa. Ukiwa ni uvimbe mzima, docta anapaka wino kingo zake zote kabla ya kuupasua. Baadaye, chini ya hadubini, akiona seli mbaya zimegusa wino, anajua mpasuaji huenda ameacha kitu mwilini. Usiku vikasha vinaingia mashineni: alkoholi inayoongezwa ukali hatua kwa hatua ili maji yatoke, kisha zaileni ili alkoholi itoke, kisha nta ya parafini iliyoyeyuka, nyuzi kama 60. Umeme ukikatika katikati, kila kitu kinasimama, nanyi huko Kolwezi mnasema watu wa labo wamelala.

Asubuhi tishu imo ndani ya nta, bloku ndogo ya kushika kwa vidole viwili. Hapa ndipo kazi yangu. Mikrotomu, mashine yangu ya kukatia, ina wembe, na kila ukizungusha mpini inatoa utepe wa nta wenye unene wa mikroni 3 hadi 5, na mikroni moja ni milimita iliyogawanywa mara elfu. Unauvusha utepe kwa brashi mpaka kwenye maji ya vuguvugu, mikunjo inajinyoosha yenyewe, unauchota kwa kioo. Ukikohoa umeupoteza. Halafu rangi: hematoksilini, inayotoka kwenye gogo la mti wa Amerika ya Kati, inaonyesha viini vya seli kwa buluu iliyokolea; eosini inageuza vilivyobaki kuwa waridi. Rangi hizo mbili zinatumika pamoja tangu karne ya 19, na mpaka leo kesi nyingi zinaamuliwa kwazo, mashine za bei kubwa zije zisije.

Sasa docta anatazama nini? Haanzi na seli moja moja. Anaanza na lensi ndogo, anatazama mpangilio. Titi lenye afya lina vijitezi na vijifereji, na kila kimoja kina safu mbili za seli, ya ndani na ya nje. Uvimbe usio wa hatari, kama fibroadenoma ambayo wasichana wengi wanayo, unaweza kuwa mkubwa wa kutisha, lakini safu zote mbili zipo mahali pake. Ni jirani anayesogeza uzio wako. Anaudhi, ila amebaki kwake. Kansere ni jirani aliyekwisha kuingia jikoni: safu ya nje imetoweka, seli zimetawanyika ndani ya mafuta ya titi, pengine ndani ya mishipa. Na kuna hali ya katikati, seli zimeshabadilika kuwa mbaya lakini bado zimefungiwa ndani ya kifereji chake. Kwa mkono huwezi kuitofautisha na nyingine, ila matibabu yake si sawa.

Baada ya hapo anaongeza lensi. Viini vya seli vinalingana, au kimoja ni kikubwa mara tatu ya mwenzake? Seli ngapi zimekamatwa katikati ya kugawanyika? Hizo anazihesabu kweli, uwanja kwa uwanja.

Na wakati mwingine si kansere kabisa. Wanaotuletea mitoki ya shingo wanakuja wamekata tamaa, na mara nyingi tunayokuta ni kifua kikuu: vifungu vya seli vimezunguka sehemu iliyokufa, na ukitia rangi ya Ziehl-Neelsen unaweza kuwaona wadudu wenyewe, wekundu, wembamba. Hata titi linapatwa na kifua kikuu, si mara nyingi lakini lipo. Mwambie kaka yako hilo. Kumkata mtu titi kwa ugonjwa unaotibiwa kwa vidonge, nani atalirudisha?

Tena hata ikiwa kansere, neno hilo peke yake halimsaidii docta wenu. Anataka kujua seli zilizoasi zilikuwa za wapi. Zikiwa za ngozi ya ndani au za tezi, ni karsinoma. Zikiwa za misuli, mafuta au mfupa, ni sarkoma. Zikiwa za kinga, zile za mitoki, ni limfoma. Mwaka 1958 Denis Burkitt, mpasuaji wa Mulago kule Kampala, aliandika juu ya watoto waliovimba taya. Baadaye ikabainika kwamba ile ni limfoma, nayo inayeyuka kwa dawa. Sarkoma ya mfupa wa taya lile lile inataka kisu. Kwa macho, mashavu mawili yaliyovimba. Kwa hadubini, njia mbili tofauti kabisa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linatoa vitabu vya kupanga majina haya tangu 1967, na kile cha titi kilichapishwa upya 2019, ili anaposema docta wa Lubumbashi, wa Paris aelewe kitu kile kile.

Karatasi ya Mama itakuja kwa Kifaransa. Nakuombea isiwe na mengi, lakini Mama ana umri, na wewe mwenyewe ulisema uvimbe ni mgumu na haisogei ngozi iliyo juu yake, kwa hiyo sitakudanganya kwamba sina wasiwasi. Ikiwa ni kansere utaona herufi SBR, yaani Scarff, Bloom na Richardson. Ni kipimo cha 1957, kilichorekebishwa na Elston na Ellis mwaka 1991. Wanatoa alama 1 hadi 3 kwa mambo matatu: je, seli bado zinajenga vifereji, viini vimebadilika kiasi gani, na zinagawanyika kwa kasi gani. Jumla ikiwa 3 hadi 5 ni gredi ya kwanza, 6 au 7 ya pili, 8 au 9 ya tatu. Usichanganye gredi na hatua, kosa hilo hata watu wa hospitali wanalifanya. Gredi ni tabia ya seli. Hatua ni umbali uliofikiwa: ukubwa wa uvimbe, mitoki ya kwapani, ini, mapafu, mifupa. Gredi ya tatu yaweza kuwa bado hatua ya kwanza. Na hatua haisomwi kwenye vinyuzi vya sindano peke yake.

Mstari utakaoutafuta kwanza ni wa vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe kama wa homoni. Vipande vingine vinakatwa kwenye bloku ile ile, vinatiwa antibodi, na mahali zinaponasa panageuka kahawia. Viini vikipokea homoni ya estrojeni, hata asilimia 1 tu ya seli, inahesabiwa ndiyo, na hapo kuna vidonge kama tamoksifeni. HER2, kipokezi kingine kilicho juu ya seli, inapewa 0 hadi 3. 3 kuna dawa yake ya sindano, 2 inabidi ipimwe tena kwa njia nyingine. Antibodi hizi ni ghali, labo nyingi hazina zote, na hapo ndipo siku zinapozidi kuongezeka. Kuna wagonjwa wanaoanzishiwa dawa kwanza, uvimbe unapungua, ndipo wanapasuliwa. Ukishakata Jumatano, mlango huo umeufunga.

Jibu silijui, na hata ningelijua si langu kulitoa. Docta ndiye anayesaini. Ila hili naweza kukuambia: karatasi iliyokuja na chupa haikuandika ni titi la upande gani, wala ekografia, ile picha ya ultrasound, ilionyesha nini. Docta wetu ameuliza, hajajibiwa. Kesho asubuhi nenda kwa huyo aliyemchoma sindano, usimtume mtoto, mwambie aandike upande, umri, uvimbe ulianza lini, na nakala ya ekografia, aipige picha na kutuma. Namba ya bloku nitakuandikia kwenye simu. Itunze pamoja na kadi ya Mama. Ikitakiwa labo nyingine kwa ajili ya vipokezi, bloku ndiyo inayosafiri, haitaki formoli wala barafu, ila isiachwe kwenye dirisha la gari juani, nta inalainika.

Kaka yako na anipigie mwenyewe, kuanzia saa kumi jioni niko nyumbani. Najua wewe atakukatiza maneno. Mama msalimie sana, na umwambie vinyuzi vyake nilivikata mimi.

Ngoie