Risala ya wahitimu wa mafunzo ya usuluhishi na uongozi kwa mgeni rasmi, Ngamiani, Tanga

Ndugu mgeni rasmi, Afisa Maendeleo ya Jamii wa Jiji letu; ndugu mwenyekiti wa mtaa; ndugu mtendaji wa kata; masheikh, wachungaji, walimu, wazazi na vijana wenzangu. Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wetu, shikamooni.

Tanga tunasifika kwa ule usemi wa "waja leo, waondoka leo". Leo, ndugu mgeni rasmi, tunakuomba uutengue kidogo. Kuondoka utaondoka, lakini haya tutakayokueleza usiyaache hapa ukumbini.

Sisi ni vijana 26 na wazazi 14 wa Ngamiani na Makorora. Kwa wiki 12, kila Jumamosi baada ya alasiri, tumeketi kwenye darasa hili kujifunza namna ya kugombana vizuri. Ndiyo, kugombana, maana kuishi nyumba moja yenye vyumba sita na choo kimoja bila kugombana hakuna awezaye. Siku ya kwanza mwezeshaji alituuliza, "Mkikosana huwa mnafanyaje?" Mmoja akajibu, "Tunanuna." Mwingine, "Tunapeleka kwa mama mkubwa." Kijana wa bodaboda akasema, "Inategemea mwenyewe ana mwili gani." Tulicheka sana, lakini hakuna aliyesema kuwa huwa anakaa na mwenzake wakazungumza.

Somo lililotutoa jasho ni la upawa. Anayeushika upawa ndiye mwenye kusema. Mwenzake hajibu mpaka kwanza arudie alichokisikia, na aliyesema akubali kwamba ndivyo. Kulieleza ni jepesi. Mama mmoja na binti yake walimaliza dakika 40 bila kufika kwenye kisa chenyewe, kwa kuwa kila mama aliporudia maneno ya binti aliyatia chumvi. Jumamosi ya tatu ndipo aliporudia yote bila nyongeza, na binti akaanza kulia. Simu iliyokuwa chanzo cha ugomvi hawakuitaja tena siku ile.

Tulifundishwa pia kutofautisha dai na haja. Tuna mfano wa kijiwe kimoja cha bodaboda, ambako dai lilikuwa fupi: "Huyu anaruka zamu, afukuzwe." Tuliwasikiliza kwanza mmoja mmoja, kando, kisha pamoja. Kumbe pikipiki yake ni ya mkataba, na hesabu ya tajiri ni lazima itimie kila jioni, wakati wenzake wengi wanaendesha vyombo vyao wenyewe. Walikubaliana wenyewe kwamba abiria wa alfajiri waanze na wenye mikataba, na kuanzia saa mbili asubuhi zamu iende kama kawaida. Hatusemi kwamba wamekuwa marafiki. Wanasalimiana, na zamu inafuatwa.

Kwa upande wa uongozi, kila Jumamosi kikao kiliongozwa na mtu mwingine. Msichana wa kidato cha tatu aliongoza kikao chenye watu wa umri wa baba yake, akamkatisha mmoja aliyezidisha muda, na dunia haikupinduka. Sheria inaturuhusu kupiga kura tukifika miaka 18 na kugombea uenyekiti wa mtaa tukifika 21, lakini kabla ya hapo ni wapi kijana hufunzwa kuendesha hata kikao cha watu kumi? Tulikuwa na zoezi jingine, ambapo shabiki wa Coastal Union alitakiwa kuitetea African Sports, watani wao wa soka hapa Tanga, kwa dakika tano bila kejeli. Alishindwa mara mbili. Ya tatu alifaulu, ingawa alikuwa ameinamisha uso.

Ndugu mgeni rasmi, suluhu ni njia ambayo hata sheria zetu zinaiheshimu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka, kwa kawaida, mgogoro wa wanandoa upite kwenye baraza la usuluhishi kabla mahakama haijapokea shauri la talaka. Mabaraza ya kata nayo, tangu mabadiliko ya 2021, kwenye migogoro ya ardhi yanasuluhisha, hayaamui. Tatizo ni kwamba watu wakifika huko, maji yamekwisha kumwagika.

Hapa tuseme wazi, hata kama baadhi ya wakubwa wetu hawatafurahi. Kuna mambo hayasuluhishwi. Mtoto akidhuriwa, akibakwa, akipigwa hadi kuumizwa, hapo neno "tuyamalize kifamilia" ni kumficha mkosaji kwa shuka la mtoto. Hayo ni ya Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo kupiga ni bure. Tulikubaliana kwamba msuluhishi asiyeujua mpaka huu hafai kupewa upawa.

Changamoto yetu kubwa ni akina baba. Kati ya wazazi 14, baba ni watatu tu. Wengine tunawaona kutoka dirishani, wako barazani wanacheza bao. Kwa kuwa hawaji darasani, tunataka kuwafuata huko huko barazani, na tunaomba barua ya utambulisho ya ofisi yako, maana vijana wakiwaendea wazee mikono mitupu wataonekana watovu wa adabu. Tunaomba pia kwamba vikundi vinavyopewa mikopo ya ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, vipate kwanza nusu siku ya kuandikiana makubaliano: nani anashika fedha, nani anakagua, na mwanachama akichelewesha rejesho afanyweje. Kazi hiyo tuko tayari kuifanya bila posho, nauli tu.

Ndugu mgeni rasmi, upawa wetu uko mezani mbele yako. Kabla hujatujibu, tafadhali ushike, utwambie kwanza umesikia nini.

Naomba kuwasilisha.