Habari ya Mjomba na zile dawa za kila mwaka

Mama Salma mpendwa,

Assalaam aleikum. Hamjambo huko Mwanza? Salma kifua kimepoa? Baba Salma mpe pole ya safari. Huku Pangani sisi wazima, ila masika ya mwaka huu yametukamia kwelikweli. Maji yametuama mpaka mlangoni kwa Binti Athumani, na mbu ndio usiseme. Mama Mkubwa anakusalimu, anakukumbusha wale dagaa wake. Kimya changu ni kazi: tangu zoezi la kingatiba lianze, yaani kugawa dawa za kukinga ugonjwa kwa watu wote, nalala ng'ambo ya mto, Bweni, kuliko ninavyolala kwangu.

Ujumbe wako niliupata. Unasema Mjomba kameza zile dawa za matende na mabusha kila zikiletwa, na bado busha linazidi kukua, halafu unauliza kama watu wanagawiwa chaki. Nikaona nikuandikie kwa kirefu, maana simu wewe huiweka spika, na hii si habari ya kusikilizwa na sebule nzima.

Dawa ni za kweli, shoga yangu, ila kazi yake siyo hiyo mnayoisubiri. Ivamektini na albendazoli zinaua watoto wa minyoo walioko kwenye damu. Minyoo wakubwa wa filaria, ndio wanaoleta ugonjwa huu, wao wamejikita kwenye mishipa ya limfu, ile inayopitisha majimaji ya mwili, wanaishi humo miaka 6 hata 8, na muda wote huo wanazaa. Watoto wao ndio mbu anaowafyonza kwa mtu, wanakomaa ndani ya mbu kwa kama wiki mbili, kisha wanahamia kwa mwingine anapoumwa. Ukimeza kila mwaka, mbu hana cha kubeba kutoka kwako. Kwa hiyo Mjomba amewakinga wajukuu zake miaka yote hii, na nataka aambiwe hivyo, kwa maneno hayo hayo. Lakini busha lake ni la zamani. Mishipa ikishaharibika, maji yanajaa kwenye mfuko wa korodani, na hakuna kidonge cha kuyatoa. Hilo ni la kupasuliwa.

Nikuambie nililoliona juzi usiku. Tulikuwa kijiji kimoja cha ng'ambo tukipima damu. Tunaanza saa nne usiku, kwa sababu wadudu hawa mchana hujificha kwenye mapafu, na usiku wa manane ndio hujaa kwenye damu ya pembeni, saa zile zile mbu wanazouma. Watu wamekaa kwenye mikeka chini ya mwembe, watoto wanasinzia mapajani mwa mama zao. Akaja kijana mmoja mvuvi, mwili umejengeka, analalamika tunamkatia usingizi. Nikamtoboa kidole, tone lake nikaliweka chini ya hadubini, na hapo hapo nikamwona mdudu anajinyonganyonga, anazisukuma chembe za damu huku na huku. Nikamwita achungulie mwenyewe. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama mkewe naye anao. Dawa alizimeza palepale.

Huyo hana busha, hana matende, hana hata mtoki. Haumwi popote. Ndiyo maana naumia ninaposikia mdogo wako wa mwisho kila tukipita nyumbani kwenu anatokea mlango wa uani, eti yeye si mgonjwa, na eti dawa zinaua uzazi. Mama Salma, dawa hizi zimemezwa na mamilioni ya watu, kisiwani Mafia walianza mwaka 2000, na watoto wanazaliwa kila siku. Togo wametangazwa kuumaliza ugonjwa huu mwaka 2017, Malawi mwaka 2020. Wenzetu hao wametumia vidonge hivi hivi, na wakapimwa kwa kijiti cha urefu kama chetu, cha kujua mtu apewe vidonge vingapi. Akiwashwa au akipata kizunguzungu siku ya kwanza, mara nyingi ni wale wadudu wanakufa. Wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na mgonjwa aliyezidiwa ndio tunaowaruka. Yeye hayumo katika hao hata kidogo! Mbane.

Na vyoo. Hapo nyuma kwa Mjomba kuna shimo la choo ambalo masika hii limejaa maji, na ukifunua mfuniko jioni mbu wanakupiga usoni. Wale ndio mbu wenyewe, wanapenda maji machafu kama yale. Makunduchi kule Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, walimwaga kwenye mashimo ya vyoo vipunje vya ile plastiki nyeupe nyepesi wanayofungia televisheni. Vikaelea vikafunika maji yote, viluwiluwi wakakosa pa kupumulia, na watu wakapewa dawa wakati huo huo. Mbu walipungua mno. Mimi kila nikiona maboksi ya friji yametupwa sokoni namfikiria Mjomba na shimo lake. Angalau mfuniko mzuri na wavu kwenye bomba la hewa tunaweza kumwekea, fundi yupo.

Lakini turudi kwake mwenyewe, maana ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Nilipita kwake kumjulia hali. Alinikaribisha ukumbini, akakaa upande, mto wa kiti ameuweka mapajani. Mtu aliyekuwa nahodha, anayejua kila fungu la mchanga kutoka hapa hadi Unguja, sasa hapandi hata mashua. Barazani kwenye bao hatokei. Msikitini haendi, anasali chumbani, kwa sababu ya kuinama na kunyanyuka mbele za watu. Madafu ameacha kabisa, maana aliambiwa tangu utotoni kwamba dafu ndilo linaloleta busha. Pwani yote hii na minazi yake, na mzee wa watu anakunywa maji ya bomba kwa kuogopa dafu! Hilo dafu halina kosa lolote, mwacheni anywe.

Mimi sikuweza kumwambia kitu. Kaniona nikicheza kombolela uani kwake, ananiita mwanangu. Leo nimkalishe nimtajie busha? Angevumilia kwa heshima, halafu asingenifungulia mlango tena. Haya ni mazungumzo ya mwanamume na mwanamume. Nimemfikiria kaka yako mkubwa. Anamsikiliza yule, na hana haraka ya maneno.

Kuna kambi ya upasuaji wa mabusha mwezi ujao, baada ya Idd. Kaka aje siku mbili kabla, walale nyumba moja, amwambie taratibu. Asianze na hospitali, aanze na habari za bahari. Mambo mawili ndiyo yanayowatisha wanaume, na ayajibu waziwazi. La kwanza, kwamba watakatwa uanaume. Hapana. Maji yanatolewa, ule mfuko uliokuwa unayakusanya unaondolewa au kugeuzwa, korodani zinabaki mahali pake. La pili, kisu chenyewe. Atapigwa ganzi, na kwa busha la kawaida huu si upasuaji mkubwa. Tena amkataze kabisa mtu yeyote kumfyonza maji kwa sindano mtaani. Yanarudi yale yale, na usaha juu yake. Mwaka juzi tulimpokea mzee wa namna hiyo akiwa katika hali mbaya, sitaki kuiona tena.

Nakwambia kweli, wanaume wa pwani hii wanafichana. Kanzu pana, shuka pana, kiti cha pembeni, na nyumba nzima inajua na hakuna anayesema. Miaka inapita hivyo. Tena wako wengi wanaomtazama Mjomba: akienda yeye, na wa mtaa wa chini wataenda, wawili watatu nawajua kwa sura.

Sasa nijibu haya, na uyajibu yote. Akilala chali, lile busha linarudi ndani au linabaki vile vile? Uliza vizuri, maana likirudi huenda ni ngiri, na maandalizi yake ni mengine. Limewahi kuwa jekundu, likauma na homa juu? Ameshatobolewa na mtu? Presha anayo? Na sukari je, zile dawa alizopewa Tanga bado anakunywa au amezitupa? Kaka yako ana ruhusa kazini? Shangazi anajua unaniandikia? Nani atakaa naye ile wiki ya kwanza, asije akaanza kubeba ndoo za maji? Na yule mdogo wako, utampigia wewe au nimtume Binti Athumani amfuate?

Nijibu kabla ya Ijumaa, majina yanafungwa siku hiyo, na la Mjomba nimelishikia nafasi kwa kalamu ya risasi. Dagaa wape dereva wa basi la Tanga, waandike jina la Mama Mkubwa, si langu.

Wasalaam,
shoga yako wa Pangani